Kuku Anayeumwa Jino

Najua kuku hana meno. Msianze. Mama Mdogo naye anajua, na ndiyo maana alimchora.

Ngoja nianze vizuri. Mama Mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja, na anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ukisukuma ule mlango wa kioo, mtu wa kwanza kumwona ni yeye: meza ya mbao, simu ya mezani, daftari kubwa la miadi, na kalamu iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza kwa sababu wagonjwa wanaondoka na kalamu. Jino linauma mpaka mtu haoni mbele, lakini kalamu ataikumbuka. Maswali yake ni matatu. "Jina? Jino gani? Tangu lini?" Anayauliza kwa sauti ya kubembeleza kiasi kwamba kuna watu wanasema wakifika kwake maumivu yanapungua, halafu yanarudi yote mlango wa ndani ukifunguliwa.

Ndani kuna Daktari. Jina lake la mtaani ni Bwana Pole. Haongei. Anakuweka kwenye kiti, anakuangalia mdomoni kama mtu anayetafuta funguo, anasema neno moja, "Pole," na hapo hapo jino limeshatoka. Kwa hiyo watu wa mtaa wetu wakisikia pole wanashika shavu.

Sasa Mama Mdogo mwenyewe ni mwoga. Simsemi vibaya, nampenda kufa, lakini ni mwoga wa kiwango cha juu. Anaogopa bahasha. Anaogopa namba asiyoijua ikipiga. Anaogopa mtu yeyote aliyevaa tai. Mama anasema hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa karani kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi, na bosi wake akamkuta amechora nyuma ya risiti. Kichwa cha mbuzi tu, tena mbuzi mzuri. Akafukuzwa siku hiyo hiyo mbele ya wateja, akaambiwa atoe vitu vyake kwenye droo huku watu wanamtazama. Miaka minne akakaa bila kazi. Kazi ya kliniki ilipopatikana alikuwa anaamka kabla ya jogoo ili tu asichelewe, na mpaka leo akipita mbele ya ile stoo anavuka barabara.

Lakini mkono ni mkono. Mwaka juzi mtoto mmoja aling'ang'ania kitasa cha mlango wa kliniki, analia hadi anakohoa, mama yake anavuta, kitasa kinavutika. Mama Mdogo akageuza daftari la miadi, akachora haraka haraka pembeni ya jina la yule mtoto: kuku amefungwa kitambaa shavuni, fundo juu ya kichwa na ncha mbili zimesimama kama masikio, jicho moja amelifumba, amenuna vibaya sana.

"Huyu naye yuko kwenye foleni," akamwambia mtoto. "Jino."

Mtoto akanyamaza. "Kuku hana meno."

"Mwambie wewe. Mimi nimemwambia tangu asubuhi, hasikii."

Mtoto akacheka na kamasi zake, akaingia ndani mwenyewe.

Kuanzia hapo watoto wote wakamtaka kuku. Mama Mdogo akawa anamtoa fotokopi ili wapake rangi wakisubiri. Karatasi alizotumia zilikuwa zile zenye jina la kliniki juu, maboksi mawili yalikuwa yamelala stoo kwa sababu mchapaji alikosea tarakimu moja ya namba ya simu. Hazifai kwa barua, akaona zinafaa kwa kuku. Juu jina la kliniki, katikati kuku. Jina lake yeye hakuliandika popote. Hakuwaza. Hilo mlishike, ndilo lililotuponza.

Nyumbani akamhamishia kwenye vitambaa. Anamchora upya kwenye daftari la hesabu la vyumba vidogo, chumba kimoja ni mshono mmoja, halafu anamdarizi kwenye foronya za mito ya makochi. Mto mmoja unamchukua wiki nzima, jioni na Jumapili. Anaposti picha kwenye ukurasa wake, watu wanaagiza, wanasubiri zamu. Si biashara ya kusema biashara. Ni furaha yake. Akishona anaimba puani, na Mama Mdogo akiimba puani ujue haogopi kitu, na hiyo hutokea mara chache.

Basi Jumamosi moja nilikuwa saluni kwa mama, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akaingia mteja mmoja mcheshi, mwalimu wa chekechea. Akachomoa mto kwenye mfuko.

"Nimenunua kuku wenu! Mambo yenu makubwa siku hizi, mpaka mmeingia duka la ghorofa mbili!"

Mama akasimamisha chanuo hewani. "Duka gani?"

"Lile la mapazia na mito. Wamempanga dirishani, kuku kumi na wawili wamenuna safu moja. Nilicheka!"

Sisi hatukucheka. Mama akaushika ule mto, akaupitisha kidole. Haukudariziwa, umechapwa kwa mashine. Lakini fundo lile lile, masikio yale yale, jicho lile lile. Nikafungua ukurasa wa duka kwenye simu: kuku kwenye vikombe, kuku kwenye aproni, kuku kwenye pazia la bafuni, kuku kwenye shuka za watoto. Na chini wameandika, "Ubunifu wetu wenyewe."

Mama Mdogo akaingia dakika hiyo hiyo, anatoka zamu ya Jumamosi. Nikampa simu. Alipandisha picha kwa kidole, moja, moja. Alipofika kwenye pazia la bafuni akakaa. Akakaa chini ya kile kikaushio cha nywele, kimezimwa, kofia imemfunika mpaka nyusi, na akabaki hapo.

"Twende," mama akasema. Anavua aproni. "Sasa hivi. Leo watanijua jina na ukoo."

"Dada, usiende."

"Wewe mtoto, umeibiwa!"

"Dada nakuomba. Nitawaandikia."

Akaandika kwa muda wa saa tatu nzima. Mistari minne. Mstari wa kwanza ulikuwa, "Samahani kwa usumbufu."

Mama akausoma akashika kiuno. "Wameiba wao, samahani unaomba wewe? Mbona usiwapelekee na soda?"

"Ni adabu, Dada."

Meseji ikaenda. Jibu likaja Jumapili mchana tukiwa tumekaa sebuleni, na lilikuja na picha. Ilikuwa karatasi ya mtoto fulani, kuku kapakwa bluu hadi nje ya mistari. Juu, jina la kliniki, limesomeka vizuri kabisa. Chini wameandika: "Mchoro huu unagawiwa bure na kliniki. Mwenye haki, kama yupo, ni kliniki, ambako ukurasa wako unasema unafanya kazi, si wewe. Kesho Jumatatu tutampigia mwajiri wako tuelewane naye moja kwa moja."

Nilimwona Mama Mdogo akibadilika rangi. Mikono yake ikaanza kutafuta kitu cha kushika, ikashika mto.

"Mwambie Daktari kabla hawajapiga," mama akasema, sasa kwa upole. "Mwonyeshe pale ulipomchora mara ya kwanza, kwenye lile daftari. Si pana tarehe? Ushahidi huo!"

"Dada, umesikia unachosema? Nimuonyeshe daftari lake nililolichora. Karatasi zake. Mashine yake. Saa zake za kazi." Akahesabu kwa vidole kama mtu anayesoma makosa mahakamani. "Ushahidi wangu ndio kosa langu lenyewe."

 Na ni kweli. Akimtaka kuku, lazima akubali alikuwa anachora kazini. Na mara ya mwisho alipokutwa anachora kazini, tunajua ilivyokuwa.

"Sasa?" nikauliza.

"Simu zote za kliniki zinapita kwangu," akasema. Macho yake hayakuwa mazuri. "Nitapokea mimi."

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa, mama akanituma nikakae kwenye benchi la kliniki. "Jifanye mgonjwa. Akizimia umdake." Kwa hiyo nikakaa nimeshika shavu, kati ya mzee mmoja aliyevimba upande wa kulia na mama mmoja aliyevimba upande wa kushoto. Mzee akaniangalia kwa huruma. "La juu au la chini, mjukuu?" Nikasema la juu. Akatikisa kichwa kama mtu anayeaga jeneza.

Simu ikalia. Mama Mdogo akaruka kwenye kiti, kabisa, nyayo zikaacha sakafu. Alikuwa mwanamke anahamisha miadi. Ikalia tena. Muuza glavu. Ikalia tena, akaipokea, kimya, mtu kakosea namba. Kila ikilia, anafuta mikono kwenye sketi kwanza halafu ndiyo anashika. Kutoka ndani tunasikia ile mashine ya kukwangua, ziiii, halafu kimya, halafu sauti ya Daktari, "Pole." Benchi zima linakunja vidole vya miguu. Na mimi nilikuwa mzima, lakini jamani, jino la juu lilianza kuuma kweli.

Saa tano kasoro ikalia. Nikajua. Sijui nilijuaje, labda kwa vile alivyobadilisha sauti, akaifanya nzito, ya mtu mwingine.

"Kliniki... Daktari? Hapana. Daktari amesafiri."

Kimya. Upande wa pili wanaongea.

"Haijulikani atarudi lini."

Mlango wa ndani ulikuwa umefunguka. Daktari alikuwa amesimama nyuma yake, barakoa chini ya kidevu, glavu mkononi, amekuja kuchukua faili.   Nilikunja uso, nikapanua macho, nikafanya kila kitu isipokuwa kupiga yowe, na Mama Mdogo ananitazama tu hanielewi.

"Ndiyo, nitamwambia. Kwaheri." Akaweka simu.

"Nimesafiri kwenda wapi?" Daktari akauliza.

Mama Mdogo hakugeuka. Yaani alibaki anatazama simu, na mdomo wake, wenyewe, bila yeye, ukajibu:

"Mbali."

Mzee wa benchini akacheka, halafu akashika shavu, "Aah, mama yangu."

Daktari hakucheka. Akavuta kiti cha wagonjwa, akakaa mbele ya meza, kama yeye ndiye amekuja kutibiwa. "Ni nani alikuwa anapiga?"

Na Mama Mdogo akasema yote. Akiwa amesimama. Kuku, watoto, karatasi za stoo, fotokopi, foronya, duka, meseji ya duka. Sauti inapanda inashuka, mahali pengine inapotea kabisa. Mama aliyevimba kushoto alikuwa ameacha hata kugumia ili asikie vizuri. Mwishoni Mama Mdogo akasema, "Sikukusudia kukuibia, Daktari."

"Lete daftari la mwaka juzi."

Akalitoa kabatini. Daktari akaanza kufungua kurasa taratibu, kidole chake kirefu kinashuka pembeni ya majina. Akamkuta kuku. Mwezi wa pili, tarehe kumi na saba, saa tatu na nusu, pembeni ya jina la mtoto. Akamtazama kama anavyotazama picha ya eksirei. Nikadhani amemaliza. Hakumaliza, akaendelea kufungua. Mama Mdogo akafumba macho, na mimi sikujua kwa nini mpaka Daktari alipogeuza daftari akamwonyesha.

"Huyu ni nani?"

Alikuwa ni korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, koleo kwenye mdomo.

"Korongo, Daktari."

"Amevaa miwani yangu."

 Daktari akafunga daftari, akalitia kwapani. Akasimama. Akamtazama Mama Mdogo muda mrefu, halafu akasema:

"Pole."

Nikanyanyuka nusu, tayari kumdaka. Sote tunajua linalofuata baada ya neno hilo.

"Barua yako utaipata kesho asubuhi," akasema Daktari. "Anayefuata."

Mzee akaingia akiwa amesahau hata kuogopa.

Jioni ile Mama Mdogo alifua sare yake ya kliniki, akaipiga pasi, akaikunja. Si ya kuvaa. Ya kurudisha. Alikuwa anakunja pole pole kama nguo ya mtu aliyekufa. Mama akampikia, hakula. Nikamwambia huenda itakuwa barua nzuri, akaniangalia kwa upendo kabisa, kama unavyomwangalia mtu asiyejua dunia.

Kesho yake adhuhuri akaja saluni na bahasha haijafunguliwa. Alipewa asubuhi, akafanya kazi nusu siku nayo mfukoni. Alisema ameshindwa kuifungua. Mama akafukuza wateja wawili waliokuwa wanasubiri ("Rudini baadaye, kuna msiba," jamani!), akaifungua kwa kichana cha mkia, akasoma kwa sauti.

"Yah: Onyo la kwanza la maandishi." Akameza mate. "Uongozi wa kliniki umethibitisha kwamba mnamo tarehe kumi na saba mwezi wa pili mwaka juzi, saa tatu na nusu asubuhi, ukiwa zamu ya mapokezi, ulichora kwa mkono wako, ndani ya daftari la miadi, picha ya kuku aliyefungwa kitambaa shavuni. Kazi hiyo haikuagizwa na kliniki, haihusiani na shughuli za kliniki, na ulitumia karatasi za kliniki zilizoharibika kuinakili bila ruhusa. Aidha, tarehe ya jana ulitoa taarifa ya uongo kuhusu safari ya Daktari. Unaonywa usirudie. Onyo la tatu ni kuachishwa kazi." Mhuri. Saini. Saini imekwenda hadi kwenye mhuri.

"Onyo la kwanza!" mama akapiga kelele. "Hujafukuzwa! Mdogo wangu, una kazi!"

Mama Mdogo akalia. Akalia vizuri, kilio cha kutoa yote, tukamshika huku na huku. Mama akaanza kumtukana Daktari kidogo, eti kuku tu anaandikiwa barua yenye mhuri, angechora ng'ombe angefungwa jela. Tulikuwa tunacheka na kulia pamoja. Halafu Mama Mdogo akafuta pua kwa kiganja.

"Dada. Soma tena pale katikati."

"Pale pa kukuaibisha?"

"Soma."

Mama akasoma tena. Ulichora kwa mkono wako. Tarehe. Saa. Kazi hiyo haikuagizwa na kliniki, haihusiani na kliniki.

Tukatazamana. Mama Mdogo amekuwa karani maisha yake yote, barua anaisoma kama wewe unavyosoma uso wa mtu. Duka linasema kuku ni wa kliniki. Hapa kliniki yenyewe, kwa mhuri, inasema si wake, ni wa huyu, alimchora siku hii, saa hii. Ameandikiwa kosa lake, na kosa lake ndilo lililompa kuku.

"Atakuwa amefanya makusudi!" nikasema, nimeruka juu.

"Sijui," akasema. "Yeye huandika hivyo hivyo hata akiagiza sabuni."

"Kamuulize!"

"Nimuulize?" Akaniangalia kama nimesema akaoge kwenye kiti cha kung'olea meno. "Nimuulize hivi, Daktari, hili onyo ulilonipa, ulikuwa unamaanisha?"

Na hofu ikarudi, mbichi, maana akaliona tatizo lingine kabla yetu. Barua ya kliniki ni ya kliniki. Kuitoa nje bila ruhusa kunaweza kuwa onyo la pili. Na akiomba ruhusa, akikataliwa, hana kitu tena mkononi. Siku mbili alitembea na ile barua kwenye mkoba. Niliona anaitoa, anaisoma, anairudisha. Mama hakumsukuma, na mama kutomsukuma mtu ni ajabu ya dunia. Alimwambia tu, "Ukimwacha kuku nitakuelewa. Ukimfuata nitakuelewa. Lakini amua, unatumaliza."

Alhamisi, mapumziko ya mchana, nilikuwa nimemletea chakula. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma ya kliniki, karibu na mitungi ya maji. Akajaza fomu ya malalamiko kwenye soko la mtandaoni, ndiko ulipo ule ukurasa wa duka. Fomu inaonya kwa herufi nyekundu: jina lako kamili litapelekwa kwa unayemlalamikia. Akaandika jina lake kamili. Akaipiga picha barua ya Daktari, akaiambatanisha yote, pamoja na sehemu ya safari ya uongo. Nikamwambia afunike ile sehemu. Akasema hapana, barua haikatwi.

Kidole kikakaa juu ya kitufe.  Nikaona anasogeza midomo, sijui ni dua au anajihesabia. Akabonyeza. Halafu akaweka simu kwenye ngazi na kuisogeza mbali naye, kama ni ya moto.

Ijumaa watu wa duka walipiga. Nilikuwepo, ndiyo, tena na shavu langu mkononi, yule muuza glavu wa kwenye simu, leo amekuja mwenyewe na mzigo, ameshaanza kuniuliza kama hawajanipatia tu dawa. Sauti ilikuwa kubwa mpaka benchini tunaisikia. Mwanaume, anaongea kama anasoma.

"Nataka kuongea na Daktari. Na usiniambie amesafiri."

Mama Mdogo akafumba macho. Akayafumbua. "Subiri kidogo," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kubembeleza. Akaenda akagonga mlango wa ndani. Daktari akatoka. Akampa mkono wa simu kwa mikono miwili.

Daktari alisikiliza muda mrefu. Mama Mdogo alisimama pembeni yake, kashika ukingo wa meza.

"Ndiyo," Daktari akasema. "Barua ni yangu. Mhuri ni wangu." Kimya. "Hapana. Kliniki haichori kuku. Kliniki inang'oa meno." Kimya kirefu, yule mwanaume anasoma kitu. "Alichora saa za kazi, ndiyo. Kumwonya ni kazi yangu, na nimemwonya. Lakini mkono si wa kliniki." Kimya. "Nina daftari. Likitakiwa nitakuja nalo mwenyewe, nitafunika majina ya wagonjwa. Mchana mwema."

Akaweka simu. Nilitaka kupiga makofi, nikasikia mama aliyekaa karibu yangu anaguna, "Hee," nikajizuia.

Daktari akamgeukia Mama Mdogo.

"Ulitoa barua ya kliniki nje bila ruhusa."

"Ndiyo, Daktari."

Nadhani Daktari alikuwa anasubiri Mama Mdogo aseme zaidi.  Hakuomba samahani, na kwa anayemjua Mama Mdogo hilo ni kubwa kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya. Walisimama hivyo, yeye na Daktari, na ile mashine ndani imesahaulika inajizungusha peke yake, ziiii.

"Mwite anayefuata," Daktari akasema, akaingia ndani.

Jumatatu kuku akatoka kwenye ukurasa wa duka. Vikombe, aproni, pazia la bafuni, vyote. Dirishani wakaweka mito ya maua. Meseji ilikuwa mstari mmoja, "Bidhaa husika zimeondolewa," hakuna pole hakuna samahani. Mama alitaka kuichapisha na kuitundika saluni. Mimi niliposti foronya tatu mpya, usiku mzima nikingoja komenti, nikasinzia na simu kifuani.

Lakini Mama Mdogo haimbi puani bado. Kila asubuhi akifika kazini anaangalia meza kwanza kabla hajaweka mkoba, anatafuta bahasha. Wiki ya tatu sasa. Daktari hajasema atampa onyo la pili, na hajasema hatampa. Anasema "Anayefuata" na anasema "Pole," basi.

Jana mama alichoka. "Sasa hata ukipewa hilo la pili?"

"Litabaki moja, Dada."

"Na kuku?"

Mama Mdogo alikuwa na daftari la vyumba mapajani, kalamu mkononi, hajachora kitu.

"Kuku ni wangu," akasema, polepole, halafu akageuka kuangalia mlango kama kuna mtu amesikia.